Picha Nilizompelekea Bibi

Bibi yangu mzaa mama alipofuka taratibu, kama taa ya mafuta inayopunguzwa utambi. Nilipofika darasa la tatu, mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga wa mlango na kivuli cha mtu aliyesimama pale, basi. Nani kaingia, alijua kwa mlio wa makubadhi uani. Mchele aliuchagua kwa vidole, na ukili aliusuka bila kukosea. Hakuwa mtu wa kulalamika. Jambo moja tu lilimtoa manung'uniko, tena kila Jumapili: kwamba haendi tena sinema.

Siku zake, Jumapili mchana Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Wakiyaita zanana, neno lililokuja na watu wa Bara Hindi. Mabuibui yalivuliwa humo ndani, asumini zikanukia ukumbi mzima, na wanawake walilia kwa sauti pasipo mwanamume wa kuwaona. *Awara* ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, Bibi aliiona mara nne. Jaji anamfukuza mkewe mjamzito kwa sababu mhalifu alimteka na maneno ya watu yameshaenea. Mtoto anakulia mitaani, anakuwa mwizi, na anaishia kizimbani kwa kutaka kumuua baba yule yule aliyemkataa akiwa tumboni. Jaji huyo aliigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Wanaume wakiitaja picha hiyo husema ni picha ya kijana maskini anayezurura. Bibi alisema hapana: ni picha ya mwanamke aliyetolewa nyumbani kwa maneno ya watu, na ukumbi wote wa zanana ulimlilia yeye.

Nimeitazama *Awara* mara nyingi tangu hapo, na naona Bibi alikuwa na haki. Anayetaka kuanza kuzijua picha za Kihindi aanze nayo, na amtazame mama.

Jumapili moja Bibi aliniita, akafungua pindo la kanga akatoa fedha. "Nenda Majestic," akaniambia. "Pesa yangu, macho yako. Ukirudi unipe picha yangu."

Tulikaa Kikwajuni. Kufika Vuga, ilikokuwa Majestic, ilikuwa kukata Mnazi Mmoja tu, na mimi nilikimbia. Siku nyingine nilikwenda Empire pale Darajani, au Cine Afrique kule Malindi, kutegemea picha iliyokuwapo. Nilikaa viti vya mbele pamoja na watoto wenzangu, shingo imeinuka, karanga mfukoni.

Lugha hatukuijua. Lakini hatukuwa viziwi kabisa, na hili nimelifahamu vizuri ukubwani. Katika mazungumzo yao yalipita maneno tuliyokuwa nayo nyumbani: dunia, wakati, kitabu, habari, mauti, safari, shetani. Wao waliyapata kwa Kiarabu na Kiajemi, sisi kwa bahari hii hii. Mtoto wa Unguja akimsikia mama wa kwenye picha akitaja dunia na mauti huku anafuta machozi, anakosa nini tena?

Niliporudi nikakaa mkekani nikamsimulia Bibi: walipigana, kisha akaimba, kisha wakapigana tena, kisha wakaoana. Bibi akanyamaza kidogo. "Umeniletea shilingi yangu tupu," akasema.

Akaanza kuuliza. Yule mama alikuwa anapika nini wakati polisi walipoingia? Sari ilikuwa mpya au ya kufuliwa? Alipoimba, alimtazama msichana au alitazama pembeni? Baba alipopewa habari ya msiba, mikono aliiweka wapi? Sikuwa na jibu hata moja. Nilikuwa nimekaa mbele ya picha saa tatu na sikuwa nimeona kitu. Jumapili iliyofuata nilitazama mikono. Nilitazama sufuria, viatu vya mlangoni, rangi ya anga. Mimi leo naandika kwa kazi yangu, na walimu waliowahi kunifundisha ni wengi, lakini hakuna aliyenifundisha kutazama kama yule mwanamke asiyeona.

Kipimo changu cha picha kimetoka hapo. Iliyo nzuri nikiileta mkekani huwa bado nzima. Zile nyingine, ukishaondoa milio ya ngumi na magari, mkono wako unabaki mtupu.

*Sholay* ilifika ikiwa nzima. Ilitoka India tarehe 15 Agosti 1975, imeongozwa na Ramesh Sippy, na kule Mumbai ukumbi wa Minerva uliionyesha kwa miaka mitano. Hadithi iliandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, watu wawili ambao majina yao nayaheshimu kuliko ya waigizaji wengi. Mzee mmoja, afisa wa polisi wa zamani, anawakodi wahuni wawili, Jai na Veeru, wamkamate jambazi Gabbar Singh aliyeiangamiza familia yake. Mzee huyo hatoi mikono nje ya shali. Nilipokuwa katikati ya simulizi Bibi akanikatiza: "Huyo mtu hajagusa kitu tangu umeanza. Nani anamlisha?" Nilishangaa. Ukumbi mzima wa watu wenye macho ulikuwa umesubiri hadi upepo unapoipeperusha shali ndipo ujue kwamba Gabbar alimkata mikono.

Halafu ile sarafu. Jai na Veeru wakishindwa kuamua jambo, Jai hurusha sarafu, na kila mara ndiyo inayoamua. Mwisho Jai anabaki nyuma peke yake kuwazuia majambazi, kwa sababu sarafu imesema hivyo. Anakufa. Veeru anaiokota na kuona kwamba pande zote mbili zina sura moja. Tangu mwanzo wa urafiki wao Jai alikuwa anachagua mwenyewe, na safari hii alichagua kufa. Nilimsimulia Bibi huku sauti inanitetemeka, maana sisi watoto tulikuwa na sheria yetu kwamba stelingi hafi, na Amitabh Bachchan, aliyemwigiza Jai, alikuwa ameivunja mbele ya macho yetu. Bibi alitoa shilingi pindoni, akaipapasa upande huu, akaigeuza, akaupapasa upande wa pili.

"Mimi ningeijua siku ya kwanza," akasema.

Baadaye sana nilijifunza kuwa mwisho wa *Sholay* tulioutazama sio walioutengeneza. Wenyewe walipiga mwisho ambamo mzee anamuua Gabbar kwa miguu yake, kwa viatu vyenye misumari. India wakati huo ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Juni 1975 chini ya Indira Gandhi, na bodi ya ukaguzi wa filamu ikakataa: aliyekuwa polisi hawezi kuonekana akijichukulia sheria mkononi. Ikabidi wapige upya. Polisi wanafika, Gabbar anakamatwa. Nakala yenye mwisho wa awali imetoka baadaye, na anayeweza kuipata aitazame hiyo. Mzee asiye na mikono aliyebakiwa na miguu tu, halafu anakuja mtu wa serikali kumwambia aache, hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Nina sababu ya kulishughulikia sana jambo hili la kubadilisha mwisho, na nitaifikia.

Nyimbo zilinipa tabu. Sauti yangu haikuwa ya kuimba, na vijana wengi, wakiwamo wapwa zangu, leo wanaziruka kwa kidole kwenye simu. Wanakosea. Katika picha za Kihindi wimbo ndipo mtu anaposema lile asiloweza kulisema mbele ya wazazi. Ukiuruka, umeruka ungamo lake. Waigizaji walifungua midomo tu. Walioimba walikuwa watu kama Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi na Kishore Kumar, na Mukesh alikuwa sauti ya Raj Kapoor kiasi kwamba huwezi kumfikiria mmoja bila mwingine. Niliimba nilivyoweza. Siku moja Bibi akanishika mkono: "Hiyo ya Juma Bhalo!" Nikamwambia Bhalo wa Mombasa ndiye aliyechukua sauti kwao akaitilia maneno yake ya Kiswahili. Bibi hakukubali hata kidogo. Wimbo aliousikia kwanza redioni, katika lugha yake, ulikuwa wake, na hao wengine ndio waliokopa. Nami nimeshasikia taarabu za Bhalo zilizo bora kuliko wimbo uliozaa sauti zake, kwa hiyo sikubishana naye tena.

Picha iliyonitia hofu kuisimulia ilikuwa *Amar Akbar Anthony* ya Manmohan Desai, ya mwaka 1977. Ndugu watatu wanapotezana wakiwa wadogo chini ya sanamu ya Gandhi. Mmoja analelewa na Mhindu, mmoja na Mwislamu, mmoja na padri. Mapema kabisa, kabla hawajajuana, mama yao anagongwa na gari na wote watatu wanalazwa vitandani kumtolea damu kwa wakati mmoja. Mirija inapanda kutoka mikononi mwao hadi kwenye chupa moja, kisha inashuka kwa mama. Bibi alikuwa mkunga kabla ya macho kumwacha. "Damu haipandi mlima, mwanangu," akasema. Akafikiri. "Lakini waache. Mtoto hakutani na mamake kwa hesabu."

Hiyo nayo niliihifadhi. Nimesoma wahakiki wengi wanaozicheka picha hizi kwa mambo yasiyowezekana, na kila mara namkumbuka mkunga aliyejua barabara kuwa jambo haliwezekani, akaliacha lipite.

Tatizo ni kwamba mama wa picha hiyo, aliyeigizwa na Nirupa Roy, ni kipofu. Anapata upofu mwanzoni, na katikati ya hadithi, akikimbia maadui, anaangukia mahali pa ibada ya Sai Baba wa Shirdi ambapo mwanawe Akbar, bila kumjua, anaimba. Miali miwili inatoka machoni mwa sanamu, inaingia machoni mwake, naye anaona. Watu Majestic walisimama vitini. Mimi nilibaki nimekaa. Nilikuwa nafikiria njia ya kurudi Kikwajuni na mwanamke anayenisubiri mkekani.

Niliwaza kuiacha sehemu ile. Sikuiacha. Nilipofika hapo Bibi alikuwa ameshika kikombe cha chai, na hakukiinua wala hakukiweka chini. "Alipoona," akauliza, "aliona nini kwanza?"

Sikujua. Kelele zilikuwa nyingi, nami nilikuwa natazama wale waliosimama. Nikasema: "Wanawe. Aliwaona wanawe." Alitikisa kichwa kukubali, akanywa chai yake. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kama msimulizi, na ulikuwa mdogo.

Wapwa zangu wakiniuliza siku hizi watazame nini, nawapa picha ambazo ningeweza kumpelekea Bibi. *Mother India* ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, aliyoiona mwenyewe alipokuwa na macho: Nargis akivuta jembe shambani kama ng'ombe kwa ajili ya deni la mkopeshaji, na mwisho akimpiga risasi mwanawe mwenyewe aliyemteka binti wa watu. Waliotutangulia waliitazama hapa pwani wakatoka hawasemeshani. *Lagaan* ya mwaka 2001 ina karibu saa nne, na nawaambia wasiogope. Wanakijiji wanaodaiwa kodi wakati wa ukame wanacheza kriketi na wakoloni ili wasamehewe, na katika timu yao yumo mtu wa tabaka linaloitwa najisi, mwenye mkono uliolemaa, na mkono ule ule ndio unaorusha mpira usioweza kutabirika. Ningemsimulia Bibi mkono ule kwa nusu saa. *Taare Zameen Par*, 2007, nawalazimisha wazazi waitazame kabla ya kumpiga mtoto anayechanganya herufi. Na *Bajrangi Bhaijaan* ya 2015, ambamo mtoto wa Kipakistani asiyeweza kusema anapotea India, na mtu mmoja mcha Hanuman, asiyejua kudanganya, anaamua kumrudisha kwao kupitia mpaka uliofungwa. Hapo kuna jambo zuri sana kwa msimulizi: utamsimuliaje mtu asiyeona habari za mtu asiyesema? Ningelazimika kumpa Bibi uso wa yule mtoto, kitendo kwa kitendo. Nadhani sasa ningeweza.

Nimeiacha moja makusudi.

*Deewaar* ya Yash Chopra ilitoka mwaka 1975 pia, nayo iliandikwa na Salim na Javed. Ndugu wawili wanalelewa na mama peke yake, anayebeba matofali kwenye majengo ya watu. Mkubwa, Vijay, amechanjwa mkononi tangu utotoni maneno kwamba babake ni mwizi. Anakuwa kuli bandarini Bombay, na beji yake ya kazi ni namba 786. Kwetu hapa haikuhitaji tafsiri. Kila mtoto wa chuoni alijua hesabu ya Bismillahi, na ukumbi ulipoiona namba ile ulivuma. Beji hiyo inamkinga na risasi. Vijay anaacha ukuli, anaingia magendo, anatajirika. Ravi, mdogo, anakuwa polisi. Mama anamhama mwana tajiri na kwenda kukaa na yule mwenye mshahara mdogo. Mwisho mama mwenyewe ndiye anayemkabidhi Ravi bastola amfuate nduguye, akimwombea mkono wake usitetemeke. Kisha anakwenda hekaluni kumsubiri Vijay, kwa kuwa kazi ya uraia imekwisha na iliyobaki ni ya umama. Vijay anapigwa risasi na mdogo wake. Beji inamdondoka. Anafika hekaluni na kufia mapajani mwa mama.

Mjomba wangu, mtoto wa kwanza wa Bibi, alikuwa kuli bandarini Malindi. Aliondoka usiku kwa jahazi nilipokuwa mchanga, kama walivyoondoka wengi miaka ile, kuelekea Ghuba. Ilikuja barua moja kutoka Dubai. Kisha kimya.

Nilipoanza kumsimulia Bibi *Deewaar* na kutaja kuli, aliacha kusuka ukili. Alitaka kujua mabega yake, anavyobeba, kama anacheka na wenzake. Alipenda kila kitu cha Vijay, hata magendo aliyatafutia udhuru. Kadiri nilivyoukaribia mwisho ndivyo nilivyozidi kupunguza mwendo. Ravi akaishika bastola. Vijay akakimbia. Na mimi nikamtoa kwenye picha ile nikampeleka bandarini. Akapanda meli, nikasema. Ravi alifika gatini akakuta meli imeshang'oa nanga, inakwenda Dubai.

"Ilikuwa na taa?" Bibi akauliza.

"Ilikuwa na taa."

Kuanzia siku hiyo, wiki ambazo fedha hazikuwapo pindoni, aliniambia: "Basi nipe ile ya meli." Nikampa. Ili isichoshe, kila mara niliongeza kidogo. Mara nikamtia nahodha mzee anayempa Vijay chai. Mara nikaivusha meli Pemba, ikaonekana Lamu kwa mbali. Mara kukawa na dhoruba, ikapita. Sikuwahi kusema hata siku moja kuwa niliibuni, na jinsi nilivyokua ndivyo ilivyozidi kunielemea. Wale wakaguzi wa India walibadilisha mwisho wa *Sholay* kwa sababu waliogopa watu wangejifunza kitu. Mimi niliogopa hicho hicho.

Mwaka 1986 Bibi alipasuliwa jicho la kulia. Kitambaa kilipofunguliwa nilikuwa pembeni ya kitanda, nikamuuliza ameona nini kwanza. "Mikono yangu," akasema, akiigeuza. "Imezeeka."

Jirani yetu alikuwa na deki, na ukumbini kwake watu walijazana mikekani usiku wa kuamkia sikukuu. Bibi aliomba *Deewaar*. Alikaa karibu kabisa na televisheni, ameinamisha kichwa ili lile jicho moja zima lipate nafasi. Saa tatu hakusema neno. Mama alipoitoa bastola niliangalia sakafu. Nilisikia risasi, nikasikia beji ikianguka, nikasikia muziki wa hekaluni, na wanawake nyuma yetu wakilia. Bibi hakulia.

Njiani alinishika mkono kwa mazoea, ingawa alikuwa anaiona njia. Nilipopata nguvu nikamwambia: "Bibi, nisamehe. Ile meli haikuwepo."

"Nilijua," akasema. "Shoga yangu aliniambia wiki ile ile. Alikuja analia, nikamsikiliza mpaka mwisho."

"Sasa kwa nini uliniacha nikusimulie miaka yote ile?"

Alitembea hatua kadhaa kabla ya kunijibu.

"Weye kila ukisimulia ulikuwa unaisogeza mbele kidogo," akasema. "Nilikuwa nangoja ifike."